Kura ya mapema New York: naipa nyota nne, na ya tano nimeizuia kwa sababu

Huduma ninayoizungumzia ni kura ya mapema ya jiji la New York, kama nilivyoitumia mwaka 2025: kwanza mwezi Juni kwenye mchujo wa chama cha Democratic, kisha mwishoni mwa Oktoba kwenye uchaguzi wenyewe wa meya. Naipa nyota nne kati ya tano. Nitaieleza ile niliyoizuia, lakini nianze na sifa, kwa sababu sifa zake ni za haki.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Bronx, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Zamu zangu huanza wenzangu wakilala na huisha wakati wao wanakimbilia treni. Mtu wa kazi kama hii akiambiwa kura ni Jumanne moja tu, anaweza kuikosa hata kama vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Mgonjwa wa kiharusi huwezi kumwacha kitandani peke yake eti leo ni uchaguzi. Kura ya mapema inakupa siku tisa, na ndani yake mna wikendi mbili. Kwetu sisi watu wa zamu, siku hizo tisa ndizo zinazofanya haki ya kupiga kura iwe haki kweli.

Utaratibu wake ni mwepesi. Unaletewa kwa posta kadi ndogo yenye mistari ya kusomwa na mashine. Kituo chako umepangiwa. Changu ni ukumbi wa michezo wa shule moja mtaani kwetu, wenye mistari ya mpira wa kikapu sakafuni na harufu ya dawa ya kusugulia. Karani anaisoma kadi, jina lako linatokea kwenye tableti, unatia sahihi kwa kalamu isiyo na wino, na sahihi hiyo inalinganishwa na ile uliyojisajilia. Aliyekwisha kusajiliwa sawasawa kwa kawaida haulizwi kitambulisho. Sisi tuliozoea Kenya, unaweka kidole kwenye mashine ya KIEMS ya kutambua wapiga kura na kutoka na ukucha mweusi, jambo hilo linaweza kututia wasiwasi mwanzoni. Kisha karatasi yako inachapwa mbele yako, unaipokea ikiwa bado na joto la printa, unaingia kwenye kibanda, unajaza viduara kwa kalamu, unaenda mwenyewe kuitia kwenye mashine ya kusomea. Ukiona kiooni kwamba kura yako imepokelewa, kazi imekwisha. Unapewa stika, unaenda zako.

Makarani niliokutana nao walikuwa watu wa mtaani, wengi wao akina mama wa makamo, na wana subira. Nimeona mmoja akimweleza kijana wa mara ya kwanza jinsi ya kujaza, polepole, bila kumkatiza na bila kumtazama karatasi yake. Hilo nalihesabu kuwa sehemu ya huduma.

Sasa niseme kwa nini mwaka huo karatasi hiyo ilikuwa na uzito mkononi mwangu.

Kwetu Kenya mameya tuliachana nao mwaka 2013 kaunti zilipoanza, na wengi wanamkumbuka mtu wa joho na mkufu anayefungua maonyesho. Meya wa New York ni mtu mwingine kabisa. Ndiye anayemteua mkuu wa polisi na mkuu wa shule za umma. Bajeti ya jiji imepita dola bilioni 115 na waajiriwa wake ni karibu laki tatu. Serikali yake ilipokata matumizi Novemba 2023, maktaba za umma ziliacha kufunguliwa Jumapili mpaka kiangazi kilichofuata, na familia zinazobanana kwenye vyumba vidogo zikapoteza mahali pa watoto kusomea. Uamuzi wa mtu mmoja unafika mpaka kwenye meza ya mtoto wa darasa la nne.

Eric Adams aliingia madarakani kama meya Januari 1, 2022. Watu weusi wengi wa Bronx na Brooklyn tulikuwa na matumaini naye. Mama yake alikuwa akisafisha nyumba za watu. Yeye mwenyewe alipigwa na polisi akiwa na miaka 15, kisha akajiunga na jeshi hilohilo la polisi mpaka akawa kapteni. Kwenye mchujo wa 2021, ambao unapanga wagombea kwa kipaumbele, nilimweka nafasi ya pili, na sababu zangu ndizo hizo. Alishinda kwa tofauti ndogo sana: raundi ya mwisho alimpita mpinzani wake Kathryn Garcia kwa kura elfu saba na ushei.

Mwishoni mwa Septemba 2024 yakatoka mashtaka ya serikali kuu: makosa matano, yakiwemo hongo, kula njama na kuomba michango ya kampeni kutoka kwa watu wa nchi za nje. Waendesha mashtaka walidai kwamba kwa miaka kadhaa alipokea safari za ndege za daraja la juu na hoteli za kifahari kutoka upande wa Uturuki, thamani yake zaidi ya dola laki moja. Walidai pia kwamba mwaka 2021 aliwashinikiza wakuu wa zimamoto waruhusu jengo jipya la ubalozi mdogo wa Uturuki, la ghorofa 36, lifunguliwe kabla Rais Erdoğan hajafika, ilhali ukaguzi wa usalama haujakamilika. Adams alikana yote. Lakini hakuna meya mwingine wa New York wa zama hizi aliyewahi kushtakiwa namna hiyo akiwa bado ofisini.

Mtu wa Bronx hawezi kusikia habari ya ukaguzi wa moto akaipitisha tu. Januari 9, 2022, Adams akiwa na wiki moja tu kwenye kiti, moto ulizuka kwenye jengo la ghorofa 19 la Twin Parks hapa kwetu. Ulianzia kwenye hita ya umeme iliyoharibika. Milango iliyotakiwa kujifunga yenyewe ilibaki wazi, moshi ukapanda ngazi, na watu 17 wakafa, wanane wao watoto. Wengi walikuwa wahamiaji wa Afrika Magharibi, Wagambia hasa. Tulisali jeneza baada ya jeneza. Kwa hiyo dai la kwamba mkubwa fulani aliombewa njia ya mkato kwenye ukaguzi wa moto, liwe la kweli au la uongo, lilistahili kusikilizwa mahakamani mpaka mwisho, mashahidi wakiapa na yeye akijitetea.

Halikusikilizwa. Februari 10, 2025 Wizara ya Sheria huko Washington iliagiza kesi iondolewe, ikisema inamzuia meya kusaidia kazi ya serikali kuu ya uhamiaji. Danielle Sassoon, aliyekuwa akikaimu kama mwendesha mashtaka mkuu wa serikali kuu huko Manhattan, alijiuzulu badala ya kutia sahihi ombi la kuiondoa, na wenzake kadhaa wakamfuata. Manaibu wanne wa meya nao wakatangaza kuondoka. Aprili 2 Jaji Dale Ho akaifuta kesi moja kwa moja, isiweze kufufuliwa, kwa sababu aliona ingebaki kama upanga juu ya shingo ya meya. Lakini aliandika waziwazi kwamba mambo yote yalinuka mapatano: mashtaka yaondoke, na meya alegee kwenye sera za wahamiaji. Hakusema Adams ana hatia, wala hakusema hana.

Kwetu wahamiaji jambo hilo liliingia ndani. Tangu 2022 jiji hili limepokea waomba hifadhi zaidi ya laki mbili, na hoteli ya Roosevelt pale Manhattan ikageuzwa kituo cha kuwapokea. Gharama zilikuwa kubwa, simlaumu meya yeyote kulalamika juu ya gharama. Ila mtu anayeogopa kumpeleka mtoto shule kwa hofu ya maafisa wa uhamiaji anataka kujua meya wake anajibu kwa nani.

Mahakama ikiwa imefungiwa mlango, niliona kituo cha kura ndicho mahali palipobaki. Nilitaka jina la Adams liwe mbele yangu kwenye karatasi, na rekodi yake yote, mema na mabaya, niipime mwenyewe kwa kalamu yangu.

Siku moja tu baada ya kesi kufutwa, Adams alitangaza kwamba hatashiriki mchujo wa Democratic na atasimama kama mgombea huru Novemba. Hapo ndipo nyota yangu ya tano ilipoanza kutetereka, nitarudi.

Mchujo wa Juni wenyewe ulinifurahisha. Wagombea walikuwa 11, na unaruhusiwa kupanga mpaka watano kwa kipaumbele. Majina yako upande wa kushoto, safu za nafasi ya kwanza mpaka ya tano zinaelekea kulia, na unajaza kiduara kimoja kwa kila safu. Anayeshika mkia anaondolewa, na kura za waliomweka mbele zinahamia kwa chaguo lao linalofuata, hivyohivyo mpaka wabaki wawili. Wananchi wenyewe waliupitisha mfumo huu kwa kura ya maoni mwaka 2019. Mwanzo wake ulikuwa na doa: 2021 Bodi ya Uchaguzi ya jiji ilichanganya kura za majaribio kama 135,000 kwenye matokeo ya awali ikabidi iyaondoe hadharani. Mwaka 2025 mambo yalikwenda sawa.

Kuna jambo moja lililowachanganya watu wetu. Kwenye karatasi ya Juni kulikuwa na Adams, lakini alikuwa Adrienne Adams, Spika wa Baraza la Jiji. Nilipigiwa simu na watu zaidi ya mmoja wakiuliza kama ni mke au dada wa meya. Si ndugu yake, ingawa walisoma shule moja ya sekondari huko Queens. Ni mama mchapakazi, na sikupenda aadhibiwe kwa jina lisilokuwa kosa lake.

Kinachonipendeza kwenye kupanga nafasi ni adabu inayoleta. Zohran Mamdani na Brad Lander, wapinzani, waliambiana hadharani kila mmoja amwombee mwenzake nafasi ya pili. Mara ya mwisho kuona wagombea wawili wakiombeana kura sikumbuki ni lini. Andrew Cuomo, aliyejiuzulu ugavana 2021 kwa tuhuma za kuwadhalilisha wanawake ambazo anazikana, ndiye aliyepewa nafasi kubwa mwanzoni. Siku yenyewe ya mchujo, Juni 24, joto lilifika nyuzi 37 za Selsiasi. Sisi zaidi ya 380,000 tuliokwisha kupiga mapema tulikaa vivulini tukiwaombea wengine. Hesabu ya mwisho, Mamdani alipata asilimia 56 na Cuomo 44. Bronx yetu ilikuwa upande wa Cuomo.

Makundi yetu ya WhatsApp yaliwaka. Mamdani kazaliwa Kampala mwaka 1991, kaja New York akiwa na miaka saba, kapata uraia 2018. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya sabini baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia. Wazee wa Dar waliomo kwenye kundi letu wakaanza kukumbushana mihadhara ya Mlimani. Mimi furaha hiyo niliielewa, lakini niliwaambia kuzaliwa Kampala si sera. Niliangalia alichoahidi juu ya kodi za nyumba, mabasi ya bure na malezi ya watoto.

Kiangazi kile Adams aliendelea kuzunguka kama mgombea huru. Bodi ya Fedha za Kampeni ilimnyima fedha za umma, zile ambazo mchango mdogo wa mkazi huongezewa mara nane. Agosti, mshauri wake wa zamani Winnie Greco, aliyekuwa akijitolea kwenye kampeni, alimkabidhi mwandishi wa habari pakiti ya krispi yenye noti za dola ndani. Wakili wake alisema ni desturi ya shukrani ya Kichina. Wachina ninaofanya nao kazi waliudhika sana kuwekewa jambo hilo begani. Septemba 28 Adams akatoa video akiwa kwenye ngazi za Gracie Mansion, makazi rasmi ya meya, picha ya mama yake pembeni, akasema anajitoa.

Ndipo tukafika Oktoba, na Bi Mkubwa.

Huyu ni bibi wa Lamu, jirani yangu, amepita miaka themanini. Uraia aliupata kwa mtihani alioufanya kwa Kiswahili kupitia mkalimani, kama sheria inavyowaruhusu wazee waliokaa hapa miaka mingi. Kiingereza chake ni cha salamu na cha bei ya ndizi. Sheria inamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma karatasi aje na mtu wa kumsaidia, yeyote amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Nilimfuata asubuhi, nikamwamkia shikamoo, nikamfunga mtandio juu ya koti, tukashuka.

Karani hakusita. Alituletea kiti, akatuonyesha mashine ya kuwekea alama inayokuza maandishi, maana herufi za karatasi ni ndogo mno kwa macho ya mzee. Bi Mkubwa akakataa mashine, akataka karatasi. Nikaanza kumsomea majina moja moja, kwa sauti ya chini. Mamdani yuko mara mbili, kwa sababu New York inaruhusu vyama viwili kumsimamisha mtu mmoja. Curtis Sliwa, mgombea wa Republican, naye mara mbili. Cuomo, baada ya kushindwa Juni, yuko chini kwa chama alichokiunda mwenyewe. Nilipofika kwa Eric Adams akanishika mkono.

"Huyu si ulisema ametoka?"

"Ametoka, bibi. Mwezi uliopita."

"Mbona yumo?"

"Karatasi zilikuwa zishapitishwa. Jina halitolewi tena."

"Basi mwenye kumchagua anachagua nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mwisho wa hesabu watu zaidi ya elfu sita walilijazia kiduara jina hilo, na wengine wao huenda hawakuwa na mtu wa kuwaambia. Bi Mkubwa alijaza chake. Ni nani, hilo ni lake. Kisha akageuza karatasi, maana nyuma kulikuwa na maswali sita ya mabadiliko ya sheria, ambayo vijana wengi waliyasahau. Nilimfasiria yote: ujenzi wa nyumba nafuu, ramani ya jiji, na kuhamishia uchaguzi wa jiji kwenye miaka ya urais, ambalo lilikataliwa. Alichukua muda wake. Hakuna aliyetuharakisha.

Nyota ya tano imezuiwa na bibi huyo na swali lake. Mfumo ulimruhusu meya aruke mchujo ambako sisi wanachama tungempima kwa kumpanga. Ukamwacha akae nje mpaka mwisho wa Septemba, kisha ukaliacha jina lake kwenye karatasi kama mtego. Mwaka mzima nilimsubiri kwenye kura, na sikumpata. Huduma nzuri ya kuhesabu haitoshi ikiwa anayepaswa kuhesabiwa ana mlango wa nyuma.

Na hiyo kupanga nafasi haitumiki Novemba. Unajaza kiduara kimoja tu, na ndiyo maana vuli nzima ilikwisha kwa mabishano ya nani ampishe nani. Mchujo wenyewe umefungwa kwa waliojiandikisha na chama; wakazi zaidi ya milioni moja wasio na chama walikaa pembeni, na tume iliyofikiria kuufungua mwaka 2025 iliachana na wazo hilo. Wenye kadi ya kijani, yaani wakazi wa kudumu wasio raia, nao walitungiwa sheria ya kupiga kura za jiji, ikafutwa na mahakama ya juu ya jimbo Machi 2025. Lugha nalo ni tatizo: Bronx karatasi ni ya Kiingereza na Kihispania, na jiji huweka wakalimani wa Kiarabu, Kifaransa, Kiurdu na lugha nyingine kwenye baadhi ya vituo. Kiswahili sijakikuta. Hata karatasi moja ya maelezo, ibandikwe ukutani tu, ingemsaidia Bi Mkubwa aje bila kunisubiri mimi.

Novemba 4 waliopiga kura walipita milioni mbili, jambo lisilotokea kwenye uchaguzi wa meya tangu 1969. Mamdani akapita nusu ya kura, na safari hii Bronx ikawa naye. Ameapishwa usiku wa kuamkia Januari 1, kwenye stesheni ya zamani ya treni iliyo chini ya ofisi za jiji. Naye atapimwa.

Anayetaka kuitumia huduma hii mwaka 2026: mchujo wa nafasi za jimbo ni Juni 23, na kura ya mapema ni Juni 13 hadi 21. Hauna kupanga nafasi, ni kiduara kimoja. Kama umeshajisajili na unataka kubadili chama, fanya hivyo kufikia Februari 14, la sivyo utafika ukumbini urudishwe. Ukiwa na mzee asiyesoma Kiingereza, nenda naye na umsomee pande zote mbili. Usisubiri Jumapili ya mwisho. Kwenye uchaguzi wa Novemba, Jumapili hiyo ndiyo iliyokuwa na watu wengi kuliko siku zote tisa, na kusimama foleni kwa mtu wa miaka themanini si jambo dogo.